Njiti za Kiberiti Wilayani Hai

Wananchi wa Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, walikuwa wamezoea kubishiwa hodi. Tangu miaka ya 1990, mradi wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza ulipeleka makarani nyumba kwa nyumba kuandika nani yupo, nani amefariki na kwa maradhi gani. Kazi hiyo ngumu isiyo na sifa ndiyo iliyowafungulia njia watafiti wa ubongo.

Katikati ya miaka ya 2000, madaktari Richard Walker na Catherine Dotchin kutoka Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, waliusaka ugonjwa wa Parkinson katika eneo la wilaya lililokuwa likiandikishwa hivyo, lenye watu 161,071. Walipata wagonjwa 33, na wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mikono ilitetemeka, hatua zikafupika, na nyumbani ikasemwa ni uzee tu. Dawa ipo tangu miaka ya 1960! Linaniuma sana hilo.

Mwaka 2009 na 2010 ikafuata zamu ya demensia, maradhi yanayofifisha akili na kumbukumbu. Katika vijiji sita walifikiwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4 walikuwa nayo. Waliodhani ni maradhi ya Wazungu walipata jibu.

Lakini kumpima mzee akili kulihitaji kipimo cha haki. Vipimo vingi vya Ulaya humtaka mtu aandike sentensi au achore umbo. Bibi aliyelima kahawa na migomba maisha yake yote, bila kukanyaga darasa, angeonekana mgonjwa kwa kukosa shule tu. Ndipo kikatengenezwa kipimo cha IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Mzee huulizwa: Daraja ni nini? Mwenyekiti wa kijiji ni nani? Leo siku gani? Taja wanyama wengi kadiri uwezavyo kwa dakika moja. Kisha mpimaji hupanga njiti za kiberiti mezani, naye mzee hupanga zake zifanane. Mwisho huulizwa maneno kumi aliyosomewa mwanzoni.

Kipimo hicho kilijaribiwa pia Lalupon, karibu na Ibadan, pamoja na watafiti wa Nigeria. Huko Hai, wazee wenye demensia baadaye wakakusanywa katika vikundi vya mazungumzo na mazoezi ya akili. Uwezo wao wa akili ulipata nafuu, na wasiwasi ukapungua.