ZAIRE YA MOBUTU: USIPOCHEZA, UNA LAKO JAMBO!

Ukitaja Zaire ya miaka ya 70, wengi wanakumbuka raha tu. Septemba 1974 Kinshasa kulipigwa tamasha la siku tatu, James Brown, B.B. King na Miriam Makeba wakapanda jukwaa moja na wenyeji kina Franco na Tabu Ley. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali akamwangusha George Foreman palepale mjini. Dunia nzima ikaona hawa watu wanajua kula bata!

Lakini kulikuwa na ngoma nyingine ambayo haikuwa ya raha hata kidogo. Hiyo mtu hachezi, anachezeshwa.

Mobutu alichukua nchi kwa mtutu Novemba 1965. Mwaka uliofuata wanasiasa wanne, mmoja wao aliyekuwa waziri mkuu, wakanyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Tangu siku hiyo kila mtu akajua mkuu hataniwi. Mwaka 1967 akaanzisha chama chake, MPR, na baadaye kikawa chama pekee. Ukizaliwa Zaire tayari wewe ni mwanachama, hakuna cha kujaza fomu wala kuombwa ridhaa.

Sasa chama kama hicho kinajuaje kwamba watu wanakipenda? Kinawaimbisha.

Kwa Kifaransa jambo hilo liliitwa animation politique, yaani kuchangamsha watu kisiasa. Mobutu alikuwa amekwenda China na Korea Kaskazini, akaona maelfu ya watu wakicheza kwa mpigo mmoja kumsifu kiongozi wao, akavutiwa mno. Kwake mtaji ulikuwepo tayari, maana nchi nzima ni ya wanamuziki!

Basi maofisini, viwandani na mashuleni vikaundwa vikundi. Karani, nesi, mwalimu, mwanafunzi, wote wanatakiwa wajue nyimbo na wajue staili. Mgeni wa taifa akitua uwanja wa ndege, anawakuta akina mama wamepangwa mistari, vitenge vina sura ya Mobutu, wanakata mauno juani. Mikoa ikashindanishwa. Runinga ikaonyesha ngoma hizo kwa masaa, na kabla ya taarifa ya habari sura ya Mobutu ilijitokeza mawinguni kama vile anashuka kutoka mbinguni. Nyimbo za kanisani na za asili zikachukuliwa, zikabadilishwa maneno, jina la Mungu au la mpenzi likatolewa, la Mobutu likawekwa.

Hapo ndipo ukatili wenyewe ulipo, na ni rahisi kuupita bila kuuona. Dikteta wa kawaida anakuziba mdomo. Ukinyamaza unabaki na siri yako moyoni, unaenda zako nyumbani. Lakini huyu wa kukuimbisha anakutaka mdomo, kiuno, makofi na tabasamu juu. Ukinyamaza umeonekana. Ukicheza kivivu umeonekana. Na jirani yako kwenye mstari naye anaogopa, kwa hiyo anacheza kwa nguvu zaidi, na wewe inabidi umfikie. Yaani watu wanachungana wenyewe kwa wenyewe bila hata askari kusimama pale!

Tena hayo yalifanyika wakati maisha yamebana. Katikati ya miaka ya 70 bei ya shaba, iliyokuwa tegemeo la nchi, ilianguka vibaya. Mshahara hautoshi, bei zinapaa, na bado unatakiwa ucheze ukitabasamu. Wenye utani wao mtaani wakaligeuza jina la chama, wakasema kirefu cha MPR kwa Kifaransa ni "kufa bure". Lakini utani huo ni wa kunong'ona, siyo wa kipaza sauti.

Na wanamuziki wakubwa je? Walipewa mkono wa kulia na kupigwa wa kushoto. Franco alitupwa jela mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoitwa chafu. Miaka miwili baadaye akapewa cheo cha bingwa mkuu wa muziki wa Zaire. Mwaka 1984 ukaja uchaguzi, mgombea mmoja tu, Mobutu, na Franco akatoa kibao kirefu cha kumpigia debe. Kura zikatoka zaidi ya asilimia 99! Alitaka au alilazimika? Kwa mfumo ule maswali hayo mawili yalishakuwa kitu kimoja.

Wakati huohuo huku Dar es Salaam, Orchestra Maquis, bendi iliyotoka kulekule Zaire, ilikuwa inajaza ukumbi. Watu walilipa kiingilio kwa pesa yao, wakicheza wanacheza, wakichoka wanakaa wanakunywa soda. Magitaa yaleyale, rumba ileile. Tofauti ilikuwa moja tu, ruhusa ya kukaa chini.

Aprili 1990 Mobutu alitangaza kuruhusu vyama vingi, na Mei 1997 akakimbia nchi. Majina ya wakubwa yapo vitabuni. Lakini wale waliopangwa mistari uwanja wa ndege, makarani, manesi na wanafunzi, majina yao hayajaandikwa popote. Wengine wapo hai hadi leo, ni bibi na babu za watu, na zile hatua miili yao bado inazijua hata kama moyo haukuwahi kuzitaka.

Kwa hiyo siku ukiona umati unaimba jina la mkubwa yeyote, popote pale, usihesabu wangapi wanacheza. Angalia kama kuna mtu anaweza kukaa chini na asiulizwe kitu.

Wadau, wazee wenu waliwahi kuimbishwa hivyo? Waliwasimulia nini?