OpenLearn: kozi za bure za kuanzia masomo ya chuo kikuu

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotoka, makusanyiko yetu yanajaa shangwe. Baada ya miezi michache swali linarudi kwa wachungaji na wazazi: mtoto ana diploma yake, lakini minervali ya chuo kikuu haipatikani, sasa afanye nini? Wengi wanakaa nyumbani mwaka mmoja, miwili, na hata yale waliyojifunza shuleni yanaanza kupotea. Tumeulizwa mara nyingi kama ni kweli kwamba mtu anaweza kusoma bure kwa njia ya intaneti. Ni kweli, ila neno "bure" linahitaji kuelezwa vizuri. Tutaeleza hasa mahali pamoja panapoitwa OpenLearn, kisha tutaje pengine kwa kifupi.

OpenLearn ni ya Open University, chuo kikuu cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Tangu mwanzo chuo hicho kilifundisha watu wakiwa nyumbani kwao, kwa vitabu vilivyotumwa kwa posta na vipindi vya redio na televisheni vya BBC. Tena hakikudai diploma ya sekondari kwa mtu anayetaka kuingia. Kwa hiyo walimu wake walizoea zamani kumwandikia mwanafunzi aliye peke yake usiku, asiye na mtu wa kumuuliza. Mwezi wa Oktoba 2006 chuo kikafungua OpenLearn na kuweka wazi sehemu ya masomo yake kwa mtu yeyote duniani.

Anwani yake ni open.edu/openlearn. Kuna kozi nyingi sana: hesabu, sayansi, afya, sheria, historia, lugha, biashara na fedha, mazingira, malezi na ualimu, kompyuta. Ziko pia za dini, lakini hizo zinachunguza dini mbalimbali jinsi chuo kikuu kinavyozichunguza. Asiyejua hilo asije akazichukua kama somo la Shule ya Jumapili. Kila kozi inaonyesha saa inazohitaji na kiwango chake, cha kuanzia, cha kati au cha juu. Anayeanza achague cha kuanzia, hata kama alipata asilimia nzuri. Nyingine zinamalizika kwa saa chache; nyingine zimepangwa kwa majuma manane, karibu saa tatu kila juma. Ndani yake kuna maelezo mafupi, kisha zoezi, kisha jibu ambalo mwanafunzi analinganisha na lake. Tunawaomba vijana wasifungue jibu kabla ya kuandika la kwao kwenye daftari. Anayeruka zoezi amesoma gazeti tu, hajasoma kozi.

Kuna vizuizi vitatu, na cha kwanza ni lugha. Karibu kozi zote za OpenLearn ni za Kiingereza, nasi watoto wetu wamesoma kwa Kifaransa. Mwenye Kiingereza kidogo anaweza kuanza na hesabu, kwa sababu namba zinamsaidia kufuata maneno. Asiyekijua kabisa atafute Khan Academy, iliyo na masomo ya Kifaransa kuanzia kujumlisha hadi hesabu za sekondari na kuendelea, au FUN, iliyoanzishwa na serikali ya Ufaransa mwaka 2013, yenye kozi za vyuo vikuu kwa Kifaransa. Kwenye FUN kozi nyingi zina tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, basi aangalie kabla ya kujiandikisha. MIT ya Marekani nayo imeweka masomo yake wazi, bila kujiandikisha, lakini mengi ni mazito kwa mtu anayeanza.

Cha pili ni mega. Kozi ni bure, mega si bure, na video zinazimaliza haraka sana. Hapa OpenLearn ina faida kubwa: kozi nyingi zinaweza kupakuliwa kama faili la PDF, ukazisoma baadaye bila intaneti. Leseni ya kozi nyingi inaruhusu pia kunakili na kugawia wengine, mradi jina la mwenye kazi libaki na isiuzwe. Maana yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kupakua kozi mara moja akiwa mjini, na kundi zima la vijana likaipata kwa kadi ya memori, au kurasa chache kwa fotokopi. Kwa makusanyiko yenye kompyuta moja na paneli ya jua, kuna programu ya bure iitwayo Kolibri: inahifadhi masomo, yakiwemo ya Khan Academy, ndani ya kompyuta hiyo, na simu za jirani zinayafungua bila mega hata moja.

Cha tatu ni hati, na hapa watu wamedanganywa. Kijana mmoja wetu alimlipa mtu dola hamsini ili "aandikishwe" kwenye kozi ya bure, akaahidiwa karatasi sawa na grade. Karatasi haikuja. Ukweli ni huu: anayemaliza kozi ya OpenLearn akiwa amefungua akaunti anapata hati ya ushiriki bila kulipa. Hati hiyo inaonyesha amesoma, si grade, na chuo kikuu chetu kitaendelea kudai diploma ya serikali. Anayekuomba pesa ili akufungulie mlango huo, mwache.

Kwa walimu wa shule zetu za msingi tunaongeza jambo moja. Open University na vyuo kadhaa vya Afrika walianzisha mwaka 2005 mpango uitwao TESSA, wenye vitini vya kumsaidia mwalimu kufundisha kusoma na kuandika, hesabu, sayansi na stadi za maisha. Vitini hivyo vipo kwa Kifaransa na pia kwa Kiswahili. Mifano yake inatoka katika madarasa ya Afrika, yenye watoto wengi na vitabu vichache, na vinapakuliwa bila malipo.