Kupumbazwa, Kubandwa na Kicheko cha Kashasha

Simulizi hii inajulikana Tanzania nzima, na Ngara na Biharamulo imefika. Mgeni mwenye heshima zake anakusalimu stendi, anakushika mkono, anakuuliza njia. Ukija kushtuka, fedha za ng'ombe uliyemuuza mnadani umeshampa kwa mkono wako mwenyewe. "Amenipumbaza," utasema nyumbani, na kijana aliyesoma ataongeza neno la kitabuni: hipnosisi. Nalipinga neno hilo hapo, na sababu yangu iko katika historia, ikiwemo ya huku kwetu.

Kabla ya misheni kuenea, watu wa Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, walikuwa na kubandwa, ibada waliyoshiriki na majirani wa Burundi, Rwanda na Buhaya. Aliyebandwa hakusema kwa jina lake. Sauti ilibadilika, akawa Kiranga mwenyewe, roho mkuu wa ibada hiyo, na watu wakamwamkia kama Kiranga. Lakini hakuna aliyeokota hali hiyo njiani. Mtu alifundwa, akaingizwa kwa siri na miiko, na jamaa zake walikuwepo kumwitikia. Sitaipachika ibada ya wazee jina la kigeni, hipnosisi siyo. Ninachokiona ni kwamba ilihitaji mtu aliyekubali, na watu waliokuwa wakimngoja abadilike.

Ulaya walichelewa kuliona hilo. Mwaka 1778 daktari Franz Anton Mesmer alihamia Paris akidai kuna nguvu isiyoonekana, mithili ya sumaku, inayotoka kwake na kuingia kwa mgonjwa. Wagonjwa walitetemeka na kuzirai kweli. Mwaka 1784 mfalme aliunda tume, Benjamin Franklin akiwemo. Kijana mmoja alifungwa macho, akapelekwa kwenye miti bustanini kwa Franklin, akiamini mmojawapo umetiwa nguvu ile. Alizirai chini ya mti ambao haukuguswa kabisa! Tume ikasema nguvu hiyo haipo. Kilichofanya kazi ni fikra ya kijana mwenyewe. Baadaye James Braid, tabibu wa Manchester, alichukua neno la Kigiriki la usingizi akaiita hali hiyo hipnosisi, kisha akajuta, maana aligundua kwamba si usingizi.

Jirani na Biharamulo, upande wa Muleba, fikra zilionyesha nguvu zake bila daktari wala mganga. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hadi katikati ya Machi walikuwa 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao kicheko kikaenda nao; Nshamba pekee walipatwa watu 217. Walimu hawakuguswa. Wako walioshuku unga, na wengine hewa iliyochafuliwa na mabomu ya atomiki. Madaktari Rankin na Philip walipima, hawakukuta sumu wala vijidudu. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyewaloga watoto wale. Walikuwa na hofu, wakabanana bwenini, mmoja akimtazama mwenzake.

Hipnosisi ya kitabibu ni jambo la upole kuliko vyote hivyo. Mgonjwa anakaa macho, anasikia, anaweza kuinuka akaondoka. Anaelekeza mawazo yake yote mahali pamoja kwa hiari, na maumivu yanaweza kupungua. Wapo wanaoingia upesi, na wapo wasioingia kabisa. Hakuna anayenasa humo asitoke. Wala haifichui ukweli: kumbukumbu iliyochimbuliwa hivyo inaweza kuwa ya uongo kabisa.

Kwa hiyo yule wa stendi hana nguvu ya mkono. Ana haraka, ana mwenzake anayejifanya hamfahamu, ana hadithi ya dhahabu. Wakati mwingine ana soda iliyotiwa dawa, na hapo si fikra tena, ni sumu. Inaniuma kuona aliyeibiwa akikwepa polisi kwa aibu, akaenda kwa mganga kulipa mara ya pili. Na aliyekunywa soda akalala mchana kutwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana dawa hutoka mwilini upesi, na ushahidi hutoka nayo.