Meza ya Sebuleni na Meza ya New York

Sebuleni kwetu Gisenyi kuna meza fupi ambayo tangu utoto wangu nimeisikia ikiitwa "meza ya Mbelgiji". Miguu yake minne imeinama kidogo kwa nje na huwa myembamba kadiri inavyoshuka. Pembe zake zimeviringwa, na haina nakshi hata moja. Babu mzaa mama aliinunua kutoka nyumba moja ya kando ya ziwa wakati Wabelgiji walipokuwa wakifunga mizigo, ndivyo tulivyosimuliwa. Kwa miaka mingi ilivishwa kitambaa cha kufuma, juu yake ikawekwa redio, baadaye televisheni, hivyo umbo lake hasa hatukulijua.

Mwaka jana alikuja mnunuzi kutoka Kigali, anayezunguka kwenye nyumba za zamani akitafuta samani za kupamba hoteli. Alitoa kitambaa, akapiga magoti, akapapasa upande wa chini, kisha akataja bei. Mama alinyamaza. Kwa fedha zile angepata meza mbili mpya na ada yangu ya muhula ingepungua. Mnunuzi alieleza kwamba siku hizi watu wanautafuta sana mtindo wa miaka ya 1950. Nilipomuuliza mtindo huo ni nini, alinionesha picha kwenye simu. Zote zilikuwa za Ulaya na Marekani.

Insha hii ilianza na swali hilo. Nilitaka kujua kwa nini meza yetu inafanana na meza za watu wa mbali, na nilichokipata kimenisumbua zaidi ya nilivyotarajia.

Mtindo wenyewe ni rahisi kuutambua. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, takriban kati ya 1945 na 1965, wabunifu wa Denmark, Sweden, Marekani na kwingineko waliachana na samani nzito za kuchongwa maua na miguu ya simba. Walitaka vitu vyepesi, vya mistari safi, vinavyoonesha mbao au chuma kilivyo. Hans Wegner na Finn Juhl wa Denmark, pamoja na Charles na Ray Eames wa Marekani, ni majina yanayotajwa kila mahali. Samani hizo zilisifiwa kuwa za dunia mpya: kiti kizuri si lazima kiwe cha tajiri, na nyumba ndogo inaweza kupendeza. Kwa kweli ukiitazama meza yetu unaelewa walichokitaka. Ufagio unapita chini yake bila kukwama, na mtu mmoja anaweza kuibeba.

Hapa kwetu meza ina historia fupi kuliko kiti, na lugha inashuhudia. Kiti kwa Kinyarwanda ni *intebe*, neno la wenyeji. Meza ni *ameza*, neno lililotoka katika Kiswahili, nacho Kiswahili kililitoa kwa Wareno. Wahenga wetu walikaa bila kuhitaji ubao katikati yao. Hata neno *gacaca*, mahali pa kusuluhisha magomvi, linatokana na jina la majani mafupi ambayo watu waliketi juu yake. Meza ilifika pamoja na karani, padri na mkusanya kodi. Mtu aliyeitwa mbele ya meza alikuwa amesimama, na aliyeketi nyuma yake ndiye aliyeandika.

Nikifuatilia jina la Finn Juhl nilikutana na chumba kimoja kilichopo New York, katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Nchi tatu za Skandinavia zilijitolea kupamba kumbi tatu za mabaraza: Norway ukumbi wa Baraza la Usalama, Sweden ule wa Baraza la Uchumi na Jamii, na Denmark ule wa Baraza la Udhamini. Denmark ilimpa Juhl kazi hiyo, na ukumbi ukaanza kutumika mwaka 1952. Kuta zake zimefunikwa fito za mbao za mti wa Ulaya uitwao ash, zilizosimamishwa wima ili kutuliza mwangwi. Darini yamening'inizwa masanduku yenye rangi za kuvutia. Viti vilibuniwa kwa ajili ya chumba hicho, na meza zilipangwa kwa umbo la kwato ya farasi. Wanaopenda samani hukihesabu miongoni mwa vyumba bora vya karne ya 20. Kilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2013.

Nilisoma habari nyingi za chumba hicho zilizoandikwa na wapenzi wa ubunifu. Wanaeleza mkunjo wa egemeo la kiti kwa kurasa nzima. Kuhusu kilichojadiliwa pale husema sentensi moja, au hawasemi kabisa. Mnyarwanda hawezi kusoma hivyo. Baraza la Udhamini ndilo lililosimamia nchi zilizowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ruanda-Urundi ilikuwa mojawapo, ikitawaliwa na Ubelgiji kwa mkataba ulioidhinishwa tarehe 13 Desemba 1946. Tanganyika nayo ilikuwamo, chini ya Uingereza. Kwa maneno mengine, meza ile nzuri ilikuwa meza yetu, ila hatukuwa na kiti.

Wajumbe wa baraza walikuwa wa mataifa yenye kutawala makoloni hayo na wengine wasiotawala, kwa idadi sawa. Ubelgiji iliketi pale ikitoa ripoti ya kazi yake yenyewe. Mwafrika kutoka nchi inayojadiliwa aliweza kusikika kama mleta maombi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliruhusu maombi kupokelewa na kuchunguzwa, na hilo si jambo dogo. Mwezi Machi 1955, Julius Nyerere alizungumza mbele ya baraza hilo kwa niaba ya TANU, chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja. Ujumbe uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umependekeza kwamba nchi hiyo ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, na Waingereza walikasirika kwa kuona ni mapema mno. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Nyerere aliitumia meza asiyoimiliki, akarudi nyumbani na kujenga chama vijijini.

Kwetu mambo yalikwenda vingine, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Baraza lilituma ujumbe wa ukaguzi Ruanda-Urundi kila baada ya miaka mitatu: 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Ujumbe ulipokaribia, kila aliyekuwa na neno alitafuta namna ya kuliandika. Mwaka 1957 ziliandikwa hati mbili mashuhuri. Mwezi Februari Baraza Kuu la nchi lilitoa hati yake, likidai elimu zaidi na Wanyarwanda waandaliwe haraka kujitawala. Mwezi Machi ikatoka ile iitwayo Ilani ya Bahutu, iliyoyaeleza matatizo ya nchi kuwa ni ya mbari moja dhidi ya nyingine na kutaka majina ya mbari yaendelee kuandikwa katika vitambulisho. Zote mbili zilimlenga mgeni aliyekuwa njiani kuja. Wanyarwanda waliokaa umbali wa kilomita chache wao kwa wao waliiandikia meza iliyokuwa ng'ambo ya bahari.

Simaanishi kwamba meza ndiyo iliyoleta chuki. Vitambulisho vyenye kutaja mbari vilikuwepo tangu miaka ya 1930, na vililetwa na Wabelgiji. Lakini ukishazoea kwamba uamuzi uko mbali, unajifunza kusema kwa namna itakayomfaa msikilizaji wa mbali, na jirani yako anageuka kuwa mada. Mwalimu wangu mmoja aliposoma rasimu alisema ninaibebesha samani mzigo mkubwa. Labda. Ila bado naona swali la nani aketi wapi lina uzito kuliko tunavyolipa.

Mfalme Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Jumba lake jipya la Rwesero, karibu na Nyanza, lililojengwa kwa mtindo wa kisasa wa miaka hiyo, hakuwahi kulihamia. Novemba mwaka huo ghasia zikaanza, Watutsi wakauawa na wengi wakakimbilia nchi jirani. Tarehe 25 Septemba 1961 ilipigwa kura chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, ufalme ukakataliwa, na tarehe 1 Julai 1962 udhamini ukaisha. Hizo ndizo siku ambazo Wabelgiji wa kando ya ziwa walikuwa wakiuza meza.

Ukumbi jirani na ule wa Juhl, zawadi ya Norway uliobuniwa na Arnstein Arneberg, ndio tunaouona kwenye televisheni: Baraza la Usalama, lenye meza yake ya kwato ya farasi. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa na kiti pale kama mjumbe asiye wa kudumu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yakiendelea, aliyekalia kiti hicho alikuwa mwakilishi wa serikali iliyoyaendesha. Tarehe 21 Aprili baraza lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini hadi 270, na hakuna aliyepinga. Kwa hiyo kupata kiti peke yake hakutoshi. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Baraza la Udhamini lilisimamisha kazi zake kwa sababu Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa chini ya udhamini, ilikuwa imepata uhuru mwezi mmoja kabla. Viti vya Juhl vikabaki bila baraza lake.

Nirudi kwenye mbao, kwa kuwa nazo zina safari yake. Wabelgiji hawakuwa watazamaji tu katika mtindo huu. Jules Wabbes, aliyezaliwa 1919 na kufariki 1974, alianzisha kampuni ya Mobilier Universel mwaka 1957 na kutengeneza meza za ofisi ambazo leo hugombaniwa minadani. Alipenda mbao nzito zisizofichwa, wenge ikiwemo. Wenge ni mti mweusi wenye mistari myembamba, unaomea Kongo na nchi za jirani zake, na sasa umo katika hatari ya kutoweka. Msitu wa Kongo ulivuka bahari ukiwa magogo, ukawa meza Brussels. Hata leo, ukisimama kwenye Agakiriro hapa Rubavu, ambako mafundi seremala hufanya kazi pamoja, utaona mbao za *libuyu* zilizotoka Kongo zikipigwa randa kutengenezwa makabati. Jina la mbao fundi analijua. Jina la fundi mnunuzi haulizi.

Hilo ndilo lililonifanya niipindue meza yetu. Kiti mashuhuri cha Juhl cha mwaka 1949, kiitwacho Kiti cha Chifu, kina majina mawili yanayotajwa: la mbunifu, na la seremala aliyekiunda, Niels Vodder. Nilitaka kuona kama meza ya Mbelgiji nayo ina muhuri wa kiwanda. Siku moja mama alipokuwa sokoni, nikaiweka miguu juu na kumulika kwa simu.

Hakuna muhuri. Kuna maandishi ya penseli, yaliyofifia, kwenye kila kona ambapo mguu unaingia kwenye ubao: "mbele kushoto", "mbele kulia", "nyuma kushoto", na ya nne haisomeki vizuri. Ni Kiswahili. Aliyeiunganisha hakuwa wa Denmark wala Ubelgiji, bali mtu aliyejiandikia mwenyewe kwa lugha hii ninayoiandikia, ili asichanganye miguu. Huenda alitazama picha aliyooneshwa na bwana wake; huenda alikuwa ameshatengeneza nyingine kumi. Kwa umri wangu wote tumemwita Mbelgiji.

Niliipeleka kwa fundi mmoja pale Agakiriro, mzee aliyeanza kazi utotoni. Hakuvutiwa na habari za New York. Alitikisa mguu mmoja, akasema umeingizwa kwa ulimi bila msumari, na kwamba aliyeufanya alikuwa na subira, kwa sababu ulimi umekatwa kwa pembe, si wima. Akaniomba niiache siku mbili achukue vipimo. Nikamwambia kwamba nikiiandika nitaeleza pia maandishi ya penseli, akacheka, akasema yeye huandika namba tu.

Nimemwonesha mama kona zile nne. Alizitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye neno "kushoto", akairudisha meza chini na kuitandika kitambaa. Mnunuzi amepiga simu mara mbili, na bei ameipandisha.