Kundi la Mufwankolo na Kanda Zinazongojewa

Watu wa Kisenge, mji wa mgodi wa manganizi kusini mwa Kongo, hawahitaji kufundishwa kungoja. Reli ya Benguela, iliyokuwa ikibeba manganizi yao hadi bandari ya Lobito, ilikatika mwaka 1975 vita vya Angola vilipopamba moto. Mgodi uliozaliwa na BCK, kampuni ya reli ya Katanga, ukabaki na mawe yaliyokwisha kuchimbwa na kulundikwa, ila bila behewa la kuyapakia. Manganizi ni madini mazito yenye bei ndogo. Ukiyazungusha kwa njia ndefu, nauli inameza faida yote. Basi yakangoja, na ni Machi 2018 ndipo shehena ya Kisenge ilipovuka tena mpaka kuelekea Lobito. Jiwe lina bahati yake: likilala uwanjani miaka 40, huamka likiwa jiwe lile lile. Ukanda wa video hauna bahati hiyo. Unga wa sumaku uliopakwa juu ya plastiki hubanduka kwa joto na unyevu, na hata ukanda ukisalimika, deki ya kuuchezea inaadimika: Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho duniani kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo wanaongojea vichekesho vya zamani vya Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi vitolewe kwenye diski au flashi, vizima na kwa mpangilio, wanangoja huku wanachokingojea kikiisha.

Mufwankolo ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, na kundi likachukua jina la mtu wake. Mizizi yake iko katika Elisabethville ya miaka ya 1950, mji ambao vijana wake walikuwa na hamu kubwa ya kuchekesha. Katika mtaa wa Kenya peke yake kulikuwa na Jeunes Comiques de la Kenya, waliojifupisha Jecoke, wakichanganya ngoma, wimbo na mzaha. Mji ukawa Lubumbashi mwaka 1966, jimbo likaitwa Shaba, nchi ikaitwa Zaire, na kundi likavuka mabadiliko yote hayo, kutoka redioni hadi kwenye televisheni ya kituo cha Lubumbashi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyefundisha chuo kikuu cha hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alilikuta tayari likiwa na umaarufu wake. Mambo liliyoyacheza ni yale ambayo kila kambi ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliyajua: mshahara unaoisha kabla ya kufika nyumbani, mlevi na mke wake, ndugu wa kijijini anayekuja kukaa siku mbili akakaa miezi mitatu, mganga, mkwe, deni. Mfanyakazi wa Kolwezi au Likasi hakuhitaji kuelezwa ni nani anayechekwa, kwa sababu jirani wa ukuta wa pili ndiye huyo.

Lakini sababu ya kulihesabu kundi hili kuwa taasisi, badala ya kundi moja tu kati ya mengi yaliyopendwa, haiko katika mada zake. Iko katika namna lilivyofanya kazi. Waigizaji wa Mufwankolo hawakukariri maandishi. Walianza na wazo, wakalijadili, wakagawana nafasi, wakajaribu onyesho hili na lile, na maneno yenyewe yakazaliwa katika kusemwa. Ushahidi ulio kamili zaidi ni wa mwaka 1986. Fabian alikuwa amerudi Lubumbashi, akasikia mezani, juu ya firigisi ya kuku, msemo wa Kifaransa kwamba madaraka huliwa mazima: *le pouvoir se mange entier*. Akawauliza rafiki zake wa kundi maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo, waliamua kuigeuza methali kuwa mchezo, mchezo wa chifu wa kijiji na watu wanaotaka kumega mamlaka yake. Mjadala wa kwanza, mazoezi ya kila onyesho, hadi igizo lenyewe lililorekodiwa na televisheni mwishoni mwa Juni katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, vyote vilinaswa kwa kinasasauti. Ukilinganisha mazoezi na igizo la mwisho, unaona mtu yule yule, katika tukio lile lile, akisema jambo lile lile kwa maneno mengine kabisa, na mara nyingi kwa maneno bora, kwa kuwa mwenzake amemtupia neno ambalo hakulitarajia. Mwisho wa Juni 2026 ni miaka 40 tangu siku hiyo ya Kawama, na kama kundi linahitaji tarehe ya kukumbukwa, naona hiyo inalifaa kuliko tarehe ya kuanzishwa, ambayo kwa kundi lililokua mtaani ni kama kuuliza mto unaanzia kwenye tone lipi.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Tamthilia iliyoandikwa ina makao mawili: karatasi na jukwaa. Jukwaa likivunjwa, karatasi hubaki, na kizazi kingine hujenga jukwaa jipya. Kichekesho cha papo kwa papo kina makao mamoja. Kilichorekodiwa ndicho kitabu chenyewe, nakala ya kwanza na ya pekee, wala si picha ya kumbukumbu ya kitu kilichohifadhiwa kwingine. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za *Not Only... But Also*, kipindi cha Peter Cook na Dudley Moore cha miaka ya 1960, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zilitumika upya. Waingereza wanaombolezea hasara hiyo mpaka leo, ingawa wao bado wana maandishi ya vichekesho vingi vya wawili hao. Kwa Mufwankolo, kufutika kwa ukanda ni sawa na kuchoma mswada. Tofauti na Tanzania nayo ni ya kuangaliwa: vichekesho vingi vya mchekeshaji King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, vilitengenezwa vikilenga diski tangu mwanzo, vikauzwa madukani, na kila nyumba iliyonunua ikawa ghala dogo. Vichekesho vya Lubumbashi vilitengenezwa kwa antena. Viliruka hewani jioni moja, na aliyekuwa na kikao au zamu ya usiku alisimuliwa asubuhi.

Zamani isingekuwa na maana kudai diski au flashi kwa ajili ya Kisenge, ambako hata umeme una historia yake ya kuja na kwenda. Leo simu ina kadi ya memori, na vibanda vya kujaza nyimbo na filamu kwenye simu vimefika hata mahali ambapo televisheni ya mjini haikupata kufika kwa uhakika. Kwa nusu karne kichekesho cha mfanyakazi kilikuwa mali ya mji mkuu wa jimbo. Flashi moja ingekifikisha mwisho wa reli.

Atakayenipinga kwanza ni msomi, naye ana haki ya kusikilizwa, kwa sababu kama si wasomi tusingekuwa na hata robo ya ushahidi. Atasema: maandishi yapo. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha Vienna kitabu kizima, *Le Groupe Mufwankolo*, chenye vichekesho vilivyonakiliwa neno kwa neno. Mwaka 1990 Fabian akatoa *Power and Performance* huko Madison, Marekani, chenye mazoezi na igizo la Kawama kwa Kiswahili na tafsiri yake. Mwaka 2014 Maëline Le Lay naye akachapisha Paris utafiti mpana juu ya tamthilia za Katanga. Ni kweli, na ni deni kubwa. Ila tazama ramani: Vienna, Madison, Paris. Kazi iliyochezwa kwa ajili ya watu wengi wasiosoma imehifadhiwa kwa umbo ambalo wao pekee hawawezi kulitumia. Zaidi ya hapo, nakala ya maandishi ni shahidi wa masikio. Inaweza kuandika kwamba hapa watu walicheka. Haiwezi kuonyesha kwamba walicheka kwa kuwa mzee amekaa kwenye kiti kabla ya kukaribishwa. Katika kichekesho, nusu ya sentensi husemwa na bega. Kwa hiyo vitabu hivyo haviondoi haja ya picha. Vinaiongeza, maana anayevisoma anaona wazi ni nini kinachokosekana.

Wa pili ni mlinzi wa lugha. Kwake, kutoa kanda hizi kwa wingi ni kueneza Kiswahili kibovu: *batu* badala ya watu, *banasema* badala ya wanasema, *muke* na *mutoto*, na Kifaransa kimepenyezwa katikati bila hodi. Pingamizi hili ni kongwe kuliko televisheni. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 na kukusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kila pembe ya Katanga, wamisionari na makampuni waliandika vitabu vya sarufi vya kunyoosha Kiswahili ambacho wafanyakazi walikuwa tayari wanakielewa vizuri. Kisenge ni mfano mzuri: nyumbani kuna Kilunda na Kichokwe, na Kiswahili kiliingia pamoja na kazi, na posho, na kengele ya zamu. Lugha iliyojifunzwa kwa njia hiyo ina sheria zake, na mcheshi anazijua kuliko mwalimu, kwa kuwa riziki yake iko humo. Tena mizaha mingi hutegemea ngazi za lugha: bosi anapanda kwenye Kifaransa ili aogopwe, mhubiri anapanda kwenye Kiswahili cha vitabu ili aheshimiwe, na wote wanateremka kwenye Kiswahili cha nyumbani pindi wanapokanyagwa kidole. Ukisanifisha mazungumzo hayo, au ukiyafunika kwa sauti nyingine iliyopakwa juu, umeiondoa ngazi na kumwacha mtu amesimama hewani. Maandishi ya chini ya picha kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ni sawa, mradi sauti isiguswe.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Vichekesho hivi vilirushwa na televisheni ya serikali ya chama kimoja. Vilifundisha utiifu mara nyingi zaidi kuliko vilivyofundisha kuuliza. Mke mkaidi hurudishwa kwenye nafasi yake, kijana wa mjini hujuta, na mzee huwa na neno la mwisho. Kwa nini tuwape watoto wa leo masomo ya Zaire ya Mobutu? Sitajibu kwamba yalikuwa maigizo tu. Jibu langu ni kwamba kundi lililoruhusiwa kusema juu ya madaraka mwaka 1986 ni lile tu lililojua kusemea kijijini, chini ya mti, kwa kinywa cha chifu. Mtazamaji wa Lubumbashi hakuwa mjinga wa kutoelewa kwamba chifu anayekula peke yake anaweza kuwa na makao mbali sana na Kawama. Je, waigizaji walikuwa wakiutetea utawala au wakiufinya? Maandishi yanaruhusu majibu yote mawili. Jicho linaloinuliwa kwa kamera baada ya neno *mazima*, kama liliinuliwa, lingeweza kulitatua swali hilo. Ndiyo maana anayeona aibu kwa mafunzo ya kanda hizi angepaswa kuwa wa kwanza kudai zionekane bila kukatwa. Kukata vipande vinavyotuudhi ni kuitengenezea Zaire sura ambayo yenyewe haikuwa nayo.

Husemwa pia kwamba hakuna haja ya toleo lolote, kwa kuwa vipande vinazunguka tayari kwenye intaneti na simu. Vinazunguka, na kuzunguka kwake kunathibitisha kiu. Lakini kipande cha dakika nne kisicho na mwaka, kisicho na majina, kilichokatwa katikati ya mlango unaofunguliwa, kinamlipa nani? Sheria-amri ya Zaire namba 86-033 inayolinda haki za watunzi ilitiwa saini tarehe 5 Aprili 1986, muda mfupi kabla ya mazoezi ya mchezo wa Kawama, na inampa mtunzi haki zake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwenye tamthilia iliyoandikwa, mtunzi ni jina moja juu ya jalada. Kwenye kazi iliyozaliwa mdomoni, kila aliyesema alitunga. Toleo la haki haliwezi kutoka kwa jina la Mufwankolo peke yake, hata kama jina hilo ndilo litakalouza. Lazima mtu aketi na wazee waliobaki na jamaa za waliokufa, sura kwa sura, aulize kila uso ni wa nani. Kazi hiyo inawezekana leo, wakati bado kuna wanaozitambua sura hizo. Diski ya kwanza ningeifanya ya Kawama: igizo zima, na pembeni yake sauti za mazoezi, kila onyesho likitanguliwa na majaribio yake, ili kijana wa Kisenge anayetaka kuchekesha aone sentensi ikishindwa mara mbili kabla ya kufaulu. Na mwishoni majina yote, hadi la yule aliyepita mara moja nyuma ya chifu na ndoo kichwani.