Kumbukumbu ya Askari wa Farasi, Hyde Park

Kumbukumbu ya Askari wa Farasi ni sanamu ya shaba iliyoko upande wa kusini-mashariki wa bustani ya Hyde Park, London, hatua chache kutoka kwenye jukwaa la bendi na ziwa la Serpentine. Ilizinduliwa tarehe 21 Mei 1924 kwa heshima ya wanajeshi wa vikosi vya farasi vya Uingereza na himaya yake waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye waliongezwa waliokufa katika Vita vya Pili na katika utumishi uliofuata. Aliyeiunda ni Adrian Jones, daktari wa mifugo wa jeshi aliyegeuka msanii. Ukuta wa mawe uliokuwa nyuma yake hapo awali ulisanifiwa na Sir John Burnet.

    

Sanamu

Juu ya kitako cha mawe yuko Mtakatifu George, amevaa deraya ya chuma ya karne za kati, ameinua upanga kwa mkono wa kulia. Farasi wake analivuka joka lililolala chini, limekwisha kushindwa. Shaba ilitoka kwenye mizinga iliyotekwa vitani, mtindo uliokwisha kutumika jirani hapo: sanamu kubwa ya Achilles, iliyowekwa mwaka 1822 kumsifu Duke wa Wellington, nayo ilisubiwa kwa mizinga ya Wafaransa.

Anayesimama mbali humwona mtakatifu tu. Kitu cha kutazama kwa karibu kiko chini, pale kitako kinapozungukwa na mchongo wa wapanda farasi wanaokimbia, wakifuatana bila mwanzo wala mwisho. Hapa hamna deraya wala joka. Ni askari wa kawaida juu ya wanyama wa kawaida, na mkono uliowaunda unajua mahali mshipa unapopita begani mwa farasi na jinsi shingo inavyonyooka hatamu zikilegezwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi bora ya sanamu nzima iko kwenye ukanda huo, si kwa mtakatifu aliye juu.

Mabamba yanataja majina ya vikosi, si ya watu. Mjukuu anayemtafuta babu yake hapa ataliona jina la regimenti yake, basi. Makaburi na orodha za majina viko kwingine.

Mtu aliyeiunda

Adrian Jones alizaliwa Ludlow, magharibi ya Uingereza, mwaka 1845. Alitaka kuwa msanii, lakini baba yake, naye daktari wa mifugo, alimwelekeza kwenye kazi ya ukoo. Akafuzu, akaingia jeshini mwaka 1867, na mwaka uliofuata akajikuta Ethiopia katika msafara wa Jenerali Napier uliopanda kutoka Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, hadi Magdala kumkabili Mfalme Tewodros. Msafara ule uliendeshwa na migongo ya wanyama: farasi, ngamia, nyumbu wa mizigo, hata tembo walioletwa kutoka India. Maradhi yaliwaua kwa wingi pale Zula kabla ya risasi kulia. Daktari kijana alipata shule asiyoipata darasani. Si vibaya kukumbuka pia kwamba Ethiopia humheshimu sana Mtakatifu George, na makanisa yake yamejaa michoro yake akiwa juu ya farasi, joka chini.

Jones aliacha jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1890 akajitolea kwa uchongaji. Kazi yake inayojulikana zaidi ni gari la farasi wanne lililopo juu ya Tao la Wellington, umbali wa matembezi mafupi kutoka hapa, lililowekwa mwaka 1912. Sanamu ya mpanda farasi huko Adelaide, Australia, ya kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Makaburu, nayo ni yake, ya mwaka 1904. Alipokabidhi kumbukumbu hii ya Hyde Park alikuwa na miaka 79. Alifariki mwaka 1938.

Vita ambavyo sanamu haivionyeshi

Uzinduzi ulifanywa mbele ya Mwanamfalme wa Wales na Jemadari Sir John French, ambaye alikuwa amepewa cheo cha Earl of Ypres. French mwenyewe alikuwa mtu wa farasi, na ndiye aliyeliongoza jeshi la Uingereza huko Ufaransa hadi Desemba 1915. Aliyempokea, Douglas Haig, naye alitoka vikosi vya farasi. Wote wawili walisubiri siku ambapo mstari wa adui ungepasuka na wapanda farasi wapite kwenye ufa huo. Katika uwanja wa magharibi ufa wa namna hiyo haukufunguka. Palikuwa na mahandaki, seng'enge na bombomu, na askari wengi wa farasi walitumia muda wao wakipigana kwa miguu kama watu wengine.

Kwingineko hali ilikuwa tofauti. Tarehe 31 Oktoba 1917 wapanda farasi wa Australia waliuvamia mji wa Beersheba, Palestina, jioni jua likizama, wakauteka pamoja na visima vyake. Tarehe 23 Septemba 1918 vikosi vya Kihindi kutoka Jodhpur na Mysore viliuteka mji wa Haifa kwa mikuki. Matukio hayo ndiyo yaliyompa mpanda farasi heshima yake ya mwisho, na ndiyo yanayofanya neno “himaya” kwenye kumbukumbu hii liwe na uzito wake: jina lake rasmi la Kiingereza linawataja askari wa farasi wa Himaya, na vikosi vya India na makoloni vimeorodheshwa pamoja na vya Uingereza.

Afrika Mashariki farasi hakufua dafu. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walisonga haraka hadi Kondoa Irangi wakaiteka mwezi Aprili, lakini ndorobo na maradhi ya farasi viliwamaliza wanyama wao, na kikosi kikabaki kukwama kwenye mvua za masika. Mzigo wa vita hivyo ulibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani. Ndiyo maana kumbukumbu za huku zinaonyesha watu wa miguu: Askari wa Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe, na Nairobi kuna sanamu tatu, mojawapo ya mpagazi.

Mtakatifu mwenye upanga, basi, anasema kidogo sana kuhusu vita alivyowekewa. Hata vikosi vilivyomchangia vilikuwa vinapunguzwa: mwaka 1922, miaka miwili kabla ya uzinduzi, regimenti nyingi za farasi za Uingereza ziliunganishwa mbili mbili ili kubana matumizi. Vifaru na magari ya deraya vilikuwa mlangoni.

Kuhamishwa

Kwa miaka 37 sanamu ilisimama Stanhope Gate, ukingoni mwa bustani, ikitazamana na barabara ya Park Lane. Mwaka 1961 Park Lane ilipanuliwa kuwa barabara ya njia mbili, na kipande cha bustani kikamegwa. Sanamu ikang'olewa na kupelekwa ndani, ilipo sasa. Magari yaliwanyang'anya farasi kazi kwanza, kisha yakawanyang'anya na kiwanja cha kumbukumbu. Mabadiliko hayo hayakuwa hasara tupu. Kando ya Serpentine Road kuna miti na kimya kiasi, na mtu anaweza kuizunguka sanamu yote bila kuogopa kugongwa.

Jumapili ya pili ya Mei

Kila mwaka, Jumapili ya pili ya mwezi Mei, askari wastaafu na walio kazini wa vikosi vyenye asili ya farasi hukusanyika hapa kwa gwaride na ibada. Maofisa na wengi wa wazee hawavai sare. Huja na suti nyeusi, kofia ngumu za duara, medali kifuani na mwavuli uliokunjwa, wakatembea kwa hatua moja wakiongozwa na bendi. Mgeni asiyejua anaweza kudhani ni mkutano wa wanasheria. Mtu wa familia ya kifalme hupokea heshima.

Jirani

Kambi ya askari wa farasi wa mfalme iko Knightsbridge, upande wa kusini wa bustani. Siku za kawaida, kama saa nne na nusu asubuhi, kikosi hutoka kuelekea lindo la Horse Guards kubadilishana zamu. Jumapili hutangulia kwa saa moja. Tarehe 20 Julai 1982 bomu la gari lililotegwa na kundi la wapiganaji wa Ireland, IRA, lilikipiga kikosi hicho njiani, kwenye South Carriage Drive. Walikufa askari wanne na farasi saba. Farasi mmoja, Sefton, alipata majeraha 34 akapona, akarudi kazini. Palipotokea mlipuko pana jiwe la ukumbusho, na kila kikosi kinapopita askari hugeuza macho upande wake.

Mpakani mwa bustani, Brook Gate, iko kumbukumbu nyingine ya wanyama waliotumika vitani, kazi ya David Backhouse, iliyozinduliwa mwaka 2004. Nyumbu wawili wa shaba waliolemewa mizigo wanapanda kuelekea pengo lililo ukutani, na upande wa pili wako farasi na mbwa. Aliyetoka kumtazama Mtakatifu George aende na huko, kwani pale mnyama ndiye mhusika mkuu, hakuna mtu mgongoni mwake.

Kuzuru

Kituo cha treni kilicho karibu ni Hyde Park Corner. Ukitoka hapo, pita chini ya macho ya Achilles, kisha fuata Serpentine Road kuelekea magharibi hadi ulione jukwaa la bendi. Bustani hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita usiku, bila kiingilio. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Januari sehemu hii huwa na tamasha kubwa la majira ya baridi, na kulizunguka jukwaa la bendi huwekwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Anayetaka kuutazama ule mchongo wa kitako kwa utulivu achague mwezi mwingine.