Pumzi Haikopwi

Asubuhi moja mwezi uliopita nilipita Usagara, hapa mjini Tanga, kabla jua halijachomoza. Vijana wapatao kumi walikuwa wakikimbia kuelekea Raskazone, jasho likiwatiririka. Jioni niliwakuta wamevaa glovu wakipimana nguvu wawili wawili, pamoja na wengine ambao asubuhi sikuwaona. Mmoja wa hao wengine, kijana mwenye ngumi nzito, alimnyeshea mwenzake makonde kwa dakika nzima kama mvua ya masika. Dakika ya pili mikono ikamshuka. Ya tatu alikuwa akipigwa tu, mdomo wazi, kidevu juu.

Nilimwuliza kwa nini hakimbii na wenzake. Akanijibu: "Mjomba, mbio za nini? Mwakinyo si alimaliza kwa raundi mbili?"

Ni kweli. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Uingereza, Hassan Mwakinyo wa hapa Tanga alimshinda Sam Eggington katika raundi ya 2, na mji wetu ukashangilia. Lakini, ndugu msomaji, televisheni huonyesha pambano, haionyeshi matayarisho. Na ukiichunguza historia ya michezo ya kupigana, utaona kwamba ni historia ya pumzi kama ilivyo historia ya ngumi.

Zamani huko Uingereza watu walipigana mikono mitupu, na raundi ilikwisha pale mmoja alipoanguka. Mapambano mengine yalizidi saa nzima. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 ndizo zilizoleta glovu, dakika 3 za kupigana na dakika 1 ya kupumzika. Tangu hapo kila bondia hukabiliwa na swali moja: ile dakika moja ya kukaa kwenye kigoda inakurudishia pumzi kiasi gani?

Bruce Lee, ambaye sisi wa rika langu tulimjua kwenye mabanda ya video, naye alikutana na swali hilo. Mwishoni mwa mwaka 1964, huko Oakland, Marekani, alipigana faraghani na Wong Jack Man. Masimulizi ya pambano lile yanapingana hadi leo. Lakini mkewe, Linda, ameeleza kwamba mumewe alishinda na bado hakuridhika, kwa sababu alichoka upesi mno. Baada ya hapo alizidisha mbio, kamba na vyuma. Ule mwili tuliouona kwenye filamu ulitokana na mtu aliyekubali kwamba pumzi zilimpungukia.

Karate ilipoletwa kwetu nayo ilikuja na somo hilo. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kufundisha mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Msingi Zanaki, Dar es Salaam. Katika mtindo huo, ulioasisiwa na Chojun Miyagi wa Okinawa, zoezi la msingi huitwa sanchin: mwanafunzi husimama imara, hukaza mwili, na kujifunza kupumua. Kabla ya kumpiga mtu, unafundishwa kuvuta na kutoa hewa!

Mwaka uliofuata, jirani zetu wa Kinshasa waliona somo hilo likitolewa ulingoni. George Foreman alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton katika raundi ya 2. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Raundi ya 8 Ali akamwangusha. Foreman siku ile alikuwa kama yule kijana wetu wa Usagara.

Mambo haya si ya ushindi tu. Tarehe 13 Novemba 1982, huko Las Vegas, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini hadi raundi ya 14. Akaanguka, na siku nne baadaye akafariki. Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, likapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Kim hakukosa ushujaa. Mwili uliochoka hauna ulinzi: mikono hushuka, shingo hulegea, na jicho huiona ngumi ikiwa imekwisha kufika. Hapo ndipo kocha anapotakiwa kurusha taulo, hata bondia akisema anaweza kuendelea.

Basi pumzi hujengwaje? Kwa wiki nyingi, si kwa siku tatu. Kwanza mbio ndefu za polepole, ambazo huuzoesha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Kisha mbio za kasi na kamba kwa kipimo cha ulingoni, dakika 3 kazi, dakika 1 pumziko. Kisha kupigana kwa nguvu ndogo, mabega yakiwa yamelegea, ukitoa hewa kwa kila ngumi, maana anayebana pumzi hujimaliza mwenyewe. Na kwa joto la Tanga, maji ni lazima. Kujifunga nailoni ili utoke jasho hakuongezi pumzi hata chembe.

Nina neno kwa waandaaji wa mapambano. Mara kwa mara kijana huitwa kuziba pengo, siku chache kabla ya pambano, naye hukubali kwa sababu ana njaa. Anayemwita anajua hana pumzi. Kufanya hivyo ni kumtoa kafara mtoto wa mwenzako.

Yule kijana nilimwambia saa kumi na moja alfajiri wenzake hupita mlangoni kwake. Ngumi nzito mtu aweza kuzaliwa nayo. Pumzi hazirithiwi wala hazikopwi. Kila mtu huzitafuta mwenyewe, barabarani, wengine wakiwa wamelala.